Mkuki kwa Nguruwe

Januari 17, 2017, Xi Jinping alisimama Davos kule Uswisi, mbele ya mabilionea na mawaziri, akautetea utandawazi. Alisema nchi inayojikinga na biashara ya dunia ni kama mtu aliyejifungia kwenye chumba cha giza: upepo na mvua havimfikii, lakini mwanga na hewa pia havimfikii. Siku tatu baadaye Donald Trump akaapishwa Washington, na yeye akaimba wimbo mwingine kabisa. Viwanda vyetu vimehamishwa, alisema, utajiri wa watu wetu umetolewa majumbani mwao na kugawiwa dunia nzima, na kujilinda ndiko kutakakotuletea ustawi na nguvu.

Hebu tulia hapo kidogo. Katibu mkuu wa chama cha kikomunisti anatetea soko la dunia. Rais wa nchi iliyolijenga soko hilo anasema soko limemwibia. Mtu aliyelala usingizi mwaka 1980, ukimwamsha leo na kumsomea hotuba hizo bila majina, angeapa kwamba ya kwanza ni ya Mmarekani.

Mtaani jibu letu huwa fupi: hao wote ni wanafiki, wacha tutafute unga. Ni kweli, lakini ni kweli ya bei rahisi. Haituambii nani ana haki ya kufunga mlango wake na nani hana. Nchi ikisema "bidhaa zenu haziingii hapa, nalinda watu wangu", je, imekosa au imetimiza wajibu? Na kama jibu linabadilika kulingana na nchi inayosema, hilo ni jibu kweli, ama ni woga tu?

*

Tumsikilize kila mmoja kwanza, manake kesi haiamuliwi kwa kusikiza upande mmoja.

Simulizi ya Marekani huanzia 1930. Mwaka huo bunge lao lilipitisha sheria ya Smoot-Hawley, ushuru ukapanda kwa maelfu ya bidhaa kutoka nje, nchi nyingine zikalipiza, na biashara ya dunia ikaporomoka wakati uchumi tayari ulikuwa taabani. Halafu vita vikaja. Waliokaa chini baada ya 1945 kuijenga dunia upya walibeba somo moja: mataifa yakianza kufungiana milango, mwishowe hushikiana silaha. Ndiyo maana mwaka 1947 nchi 23 zilitia saini mkataba wa GATT, na mwaka 1995 nafasi yake ikachukuliwa na Shirika la Biashara Duniani, WTO.

Ndani ya simulizi hiyo biashara ni mambo ya watu na kampuni. Serikali ni refa. Kazi yake ni kupuliza kipenga, kuhakikisha mikataba inaheshimiwa, basi. Serikali ikianza kuipa kampuni yake ardhi ya bure, mikopo ya bei ya kutupa na umeme nusu bei, refa amevaa jezi. Haki hapa ina maana moja: kanuni ziwe zile zile kwa kila mchezaji, na atakayeshinda ashinde.

Hii ndiyo simulizi wanayokufundisha darasani. Nilisoma uchumi miaka miwili kabla ya karo kunitoa chuoni, na katika miaka hiyo miwili nilikutana na David Ricardo mara tatu. Kitabu chake cha 1817 kina mfano maarufu: Ureno itengeneze divai, Uingereza itengeneze nguo, zibadilishane, na zote zitakuwa na divai zaidi na nguo zaidi. Mhadhiri anachora jedwali, hesabu inakubali, mnaenda lunch. Kitu ambacho jedwali halionyeshi ni muda. Nchi hizo mbili zilikuwa na mkataba wa nguo na divai tangu 1703, ule wa Methuen. Miaka mia moja na kitu baadaye, nchi ya nguo ilikuwa na mashine, mvuke na reli. Nchi ya divai ilikuwa na divai.

Sasa sikiza Beijing. Simulizi yao huanzia mapema zaidi, na ina harufu. Mwaka 1793 Uingereza ilimtuma Lord Macartney kwa mfalme Qianlong kuomba Uchina ifungue milango zaidi ya biashara. Mfalme akamjibu kwamba nchi yake ina kila kitu, haihitaji vitu vya kigeni. Waingereza walikuwa wanataka chai na hariri ya Mchina, lakini hawakuwa na kitu cha kumuuzia anachokitaka. Wakapata kimoja: afyuni iliyolimwa India. Uchina ilipojaribu kuizuia mwaka 1839, meli za kivita zikaja. Mkataba wa Nanjing wa 1842 ulifungua bandari tano kwa nguvu na kuichukua Hong Kong, na mikataba iliyofuata ikaipokonya Uchina uwezo wa kujipangia ushuru wake yenyewe. Uwezo huo haukurudi mpaka karibu 1930.

Kwa hiyo ukimwambia Mchina aliyesoma historia yake "fungua mlango, biashara huria ni nzuri kwa wote", anakumbuka aliyesema hivyo mara ya kwanza na alichokuwa amebeba mkononi. Haki kwake ni nchi kuamua yenyewe mlango ufunguke lini, na kwa upana gani. Na kipimo chake kiko kwenye matokeo. Tangu mageuzi ya 1978 chini ya Deng Xiaoping, Benki ya Dunia inahesabu karibu watu milioni 800 waliotoka kwenye ufukara uliokithiri. Ukimuuliza kama serikali ilitoa ruzuku, atakuambia ndiyo. Ukimuuliza kama hiyo ni haki, atakuonyesha hao watu.

Kama umewahi kucheza boli mtaani, unajua ugomvi huu. Timu moja imekuja na viatu vya meno, nyingine iko miguu mitupu, na uwanja una kokoto. Wa viatu wanasema kanuni ni zile zile kwa wote, tucheze. Wa miguu mitupu wanasema subirini kwanza tutafute viatu. Hakuna anayeongea uongo. Mmoja anapima haki kwa kanuni, mwingine anaipima kwa hali ambayo watu wameingia nayo uwanjani.

*

Hii ingekuwa insha rahisi kama kila mmoja angebaki na jezi yake. Hawakubaki.

Uchina iliingia WTO Desemba 11, 2001. Washington ilisherehekea: wateja zaidi ya bilioni moja. Bidhaa zikaanza kwenda upande wa pili. Wachumi wa Marekani waliochunguza miaka ya 1999 hadi 2011 walikadiria kwamba ushindani wa bidhaa za Uchina uligharimu nchi yao ajira kati ya milioni 2 na 2.4. Hazikupotea kila mahali kwa usawa. Zilipotea kwenye miji ya viwanda vya samani na nguo kule kusini, kwenye kaunti ambazo kiwanda kikifungwa na duka la mkate linafungwa. Jedwali la Ricardo lilikuwa limeahidi kwamba wafanyakazi hao wangehamia kazi nyingine. Wengi hawakuhama. Mtu wa miaka 52 mwenye mkopo wa nyumba si gunia la sukari ulihamishe kwa lori.

Hapo ndipo Marekani ilianza kuongea lugha ya matokeo. Mwaka 2018 Trump alianza kuweka ushuru kwa chuma, kwa aluminiamu, kisha kwa bidhaa za Uchina. Joe Biden alipoingia hakuuondoa. Mwaka 2022 alitia saini sheria ya kuwapa watengenezaji wa chipu za kompyuta ruzuku ya mabilioni ya dola ili wajenge viwanda Marekani, na Mei 2024 akatangaza ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme ya Kichina. Refa alikuwa amevaa jezi, tena mchana kweupe. Kufikia Aprili 2025, Trump akiwa amerudi, ushuru wa Marekani kwa bidhaa za Uchina ulifika asilimia 145, na Uchina ikajibu kwa asilimia 125, kabla wote wawili hawajashuka mwezi uliofuata.

Na Uchina? Sasa inaongoza dunia kwa paneli za sola, betri na magari ya umeme, na ghafla inazipenda kanuni. Inapeleka malalamiko WTO. Inaongea habari za mfumo wa pamoja unaoheshimu sheria. Wakati huo huo Marekani, iliyojenga mahakama hiyo, ilizuia uteuzi wa majaji wa rufaa mpaka Desemba 2019 chombo hicho kikakosa watu wa kutosha kusikiza kesi.

Hata kwenye simu yako mchezo ni ule ule. Uchina iliifungia Facebook mwaka 2009 ikisema ni mambo ya usalama wa nchi, na Marekani ikapiga kelele kuhusu uhuru wa intaneti. Mwaka 2024 Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha TikTok iuzwe la sivyo ifungiwe, ikisema ni mambo ya usalama wa nchi, na Uchina ikapiga kelele kuhusu ushindani wa haki.

Wala hii si tabia iliyozaliwa juzi. Alexander Hamilton aliandikia bunge la Marekani mwaka 1791 akitaka viwanda vichanga vya nchi yake vilindwe, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata Marekani ilikuwa na ushuru wa juu kuliko wengi. Uingereza ilifuta ushuru wake maarufu wa nafaka mwaka 1846, wakati viwanda vyake havikuwa na mpinzani. Mjerumani Friedrich List, aliyeishi Marekani kwa muda, aliliona jambo hili na kuliandika mwaka 1841: anayefika juu huipiga teke ngazi aliyopandia.

Kwa hiyo ukitaka kujua nchi iko wapi kwenye mbio, usiangalie bendera. Sikiza msamiati. Anayeongoza huongea kanuni. Anayebaki nyuma huongea watu wake walioumia.

*

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema basi haki ni jina lingine la maslahi, mwenye nguvu mpishe. Mimi nafika mahali tofauti.

Angalia kilichotokea. Nchi mbili zenye historia zisizofanana, zenye mifumo ya siasa inayochukiana, kila moja ilipoumia ilishika hoja ile ile: aliyeangushwa ana haki ya kujikinga wakati anainuka. Uchina iliisema ikiwa maskini. Marekani ikaisema Ohio na Michigan zilipoumia. Hoja ambayo mahasimu wawili wanaikimbilia kwa zamu haiwezi kuwa ya Kichina wala ya Kimarekani. Wote wawili wamekwisha kuikubali kwa vinywa vyao. Kinachobaki ni kuwauliza kama wanaikubali ikisemwa na mtu mwingine.

Kiswahili kina kipimo cha hilo, na hakihitaji digrii. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii haisemi mkuki ni mbaya, wala haisemi ni mzuri. Inasema tu uchungu wake usibadilike kwa sababu aliyechomwa si wewe.

Tuwapime nao.

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza uingizaji wa mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vya nguo vya hapa vipate nafasi ya kupumua. Ukitaka kujua kwa nini, uliza mzee yeyote wa Kisumu kuhusu KICOMI, au wa Eldoret kuhusu Rivatex. Milango ya Kenya ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya masharti ya Benki ya Dunia na IMF, viwanda vya aina hiyo vilikutana na marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa, za bei ambayo hakuna mtu anayeshona nguo mpya angeiweza. Havikuuawa na mitumba peke yake. Usimamizi mbovu nao ulishika kisu. Lakini mlango ulichangia.

Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao, kikidai hatua yetu ingehatarisha ajira 40,000 huko kwao. Washington ikatukumbusha kuhusu AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu nguo zilizoshonwa Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ikahesabu viwanda vya Athi River vinavyoshona kwa ajili ya soko hilo, ikarudi nyuma haraka. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na haikurudi nyuma.

Sasa tazama tarehe. Julai 6, 2018, Marekani ilianza kutoza asilimia 25 kwa bidhaa za Uchina zenye thamani ya dola bilioni 34, ili kulinda viwanda vyake. Julai 30, mwezi ule ule, serikali ile ile, Marekani ikaiondolea Rwanda nafuu ya AGOA kwa nguo, kwa sababu Rwanda ilikuwa inalinda viwanda vyake.

Nimejaribu kuitetea Marekani hapa, na utetezi pekee unaosimama ni huu: AGOA ni zawadi, si deni, na mtoa zawadi ana masharti yake. Sawa. Lakini mtoa zawadi hawezi kusema kwamba kumlinda fundi wa nguo ni wizi akiwa Kigali na ni uzalendo akiwa Carolina. Angesema tu "nina nguvu, nataka marobota yangu yauzwe", tungejua tunaongea na nani. Alipotumia neno haki, alijifunga.

Kabla hujafurahi, mkuki uende Beijing pia. Aprili 2020 Australia iliomba uchunguzi huru kuhusu chanzo cha Covid. Mwezi uliofuata Uchina iliiwekea shayiri ya Australia ushuru wa asilimia 80.5. Sababu rasmi ilikuwa kwamba shayiri hiyo inauzwa kwa bei ya chini isivyo haki. Kisha divai nayo ikafuata. Ushuru wa shayiri uliondolewa Agosti 2023, uhusiano wa serikali hizo mbili ulipopoa. Nisaidie hapo: bei ya shayiri inapona vipi mabalozi wakianza kusalimiana? Mtu wa chumba cha giza, yule wa Davos, alikuwa ameshika ufunguo wa chumba cha mwenzake.

Na kwetu hapa Uchina hutumia mlango wa aina nyingine. Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa Mei 31, 2017, kwa mikopo kutoka benki ya Exim ya Uchina. Tulibishana miaka mitano kuhusu mkataba ambao hatukuwahi kuuona. Serikali ilipoweka sehemu yake hadharani Novemba 2022, tukakuta kifungu cha usiri, na kwamba mzozo ukitokea unaenda kuamuliwa Uchina. Nchi iliyoteswa na mikataba iliyotiwa saini bila wananchi wake kuulizwa, ilikuja kwetu na mkataba ambao wananchi hawakutakiwa kuusoma. Serikali yetu ilitia saini kwa mikono yake yenyewe, hilo tusilifiche. Lakini aliyewahi kuchomwa na mkuki huo alipaswa kuutambua.

*

Kuna mtu wa Gikomba anayesoma hii na ameanza kukasirika, na ana haki. Anauliza: huyu mwandishi anataka mitumba ifungwe? Anajua jezi mpya ni pesa ngapi? Anajua hizo marobota zimesomesha watoto wangapi?

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo kwenye mabishano yetu huchanganywa. Kusema Rwanda ilikuwa na haki ya kuamua si kusema Rwanda iliamua vyema. Mtu mzima ana haki ya kuacha kazi, na bado anaweza kuwa amefanya ujinga. Kama mitumba ifungwe au la ni swali la muuzaji wa Gikomba, mshonaji wa Athi River, mnunuzi mwenye shilingi mia mbili mfukoni, na wabunge wao. Huenda wakaamua mlango ubaki wazi, nami nitaendelea kuvaa mitumba yangu kama kawaida. Ninachokataa ni swali hilo kujibiwa na chama cha wauza nguo kuukuu walioko ng'ambo ya bahari, kabla sisi wenyewe hatujalijadili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka nyumbani. Haki ya kujilinda ni kichaka kizuri cha kujificha. Angalia sukari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya iliomba nchi wenzake wa COMESA waiwekee kinga dhidi ya sukari ya bei nafuu kutoka kwao, kwa ahadi kwamba viwanda vyetu vingejipanga. Kinga ikaongezwa muda, ikaongezwa tena, na tena. Mlaji akaendelea kununua sukari ghali. Mumias, kiwanda kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, huku wakulima wakidai pesa zao za miwa. Kinga ilikuwa kwa jina la mkulima. Mkulima hakuiona.

Kwa hiyo haki hii ina mkia. Ukisema "nafunga mlango ili watu wangu wainuke", umeahidi vitu viwili: kwamba ni watu wale hasa wanaoinuka, si mwenye kiwanda na rafiki zake, na kwamba kuna siku mlango utafunguka. Bila hivyo viwili, unawatoza maskini wa nchi yako ushuru na kuuita uzalendo. Kipimo hiki kinaikamata Mumias, na kinaikamata Marekani pia, manake kodi ya forodha hulipwa na anayeingiza bidhaa, kisha sehemu yake kubwa humfuata mnunuzi wa kawaida pale kaunta.

Mwanafalsafa Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake cha 1971, alipendekeza tutunge kanuni za haki kana kwamba hatujui tutazaliwa nani: tajiri au maskini, mwenye kipaji au asiye nacho. Yeye aliwaza watu ndani ya jamii moja. Ifanye ya nchi. Usiku wa kuamkia kuzaliwa kwako hujui kama utaamka Shenzhen, Detroit, Kigali au Busia. Ungechagua kanuni gani ya milango? Sidhani ungechagua milango yote wazi siku zote, kwa sababu unaweza kuamka miguu mitupu. Wala usingechagua kila mtu afunge atakavyo, kwa sababu unaweza kuamka kwenye nchi ndogo isiyoweza kula bila kuuza nje. Ungechagua kitu cha katikati: milango iwe wazi kwa kawaida, aliye nyuma aruhusiwe kuegemeza wake kwa muda, na aliye mbele asimwadhibu kwa hilo. Tena mikataba yote isomwe na watakaoilipa.

Kanuni hiyo haina utaifa. Ndiyo maana hakuna mkubwa anayeitaka.

*

Tuna methali nyingine tunayoipenda sana mambo haya yakitajwa: wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Kila mara Washington na Beijing zikirushiana ushuru, lazima mtu aiseme kwenye redio. Inatuliza. Nyasi hazina kosa. Nyasi hazijawahi kumkanyaga mtu.

Lakini Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikisema yana sumu ya kuvu kuliko kiwango kinachoruhusiwa. Sumu hiyo ipo kweli na inaua, na mahindi yetu wenyewe yamewahi kukutwa nayo. Marufuku ilitolewa kwa barua, ghafla, na malori yaliyokuwa yamepakiwa yakakwama mpakani. Baada ya siku chache, kelele zikiwa nyingi, serikali ikalegeza na kuweka masharti ya vyeti. Maziwa na mayai ya Uganda nayo yana hadithi zao kwenye mpaka huo. Tanzania imetufanyia hivyo hivyo: mwaka 2017 ilichoma moto vifaranga 6,400 waliotoka Kenya kupitia Namanga.

Mkulima wa mahindi wa Iganga hajui chochote kuhusu Smoot-Hawley. Anachojua ni kwamba kuna nchi jirani, kubwa kiuchumi kuliko yake, inayohubiri soko la pamoja la Afrika Mashariki wakati sabuni yake inauzwa Kampala, na inayokumbuka sumu ya kuvu wakati mavuno ya Uganda yamekuwa mazuri. Kwake tembo ni sisi.

Kwa hiyo tukilalamika kuhusu Julai 2018, na tulalamike, tujue kuna mtu kule Busia anatusikiza na anapima sauti yetu. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: methali hiyo tunaidai Washington na Beijing. Malori ya mahindi yakipanga foleni mpakani msimu ujao, nasi tutadaiwa.